Usiwafukuze Popo Darini, Wahamishie Bustanini

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko Ngamiani, Tanga mjini, na nyumbani kwangu ni Pongwe, njia ya kwenda Muheza. Kazi zangu ni milango, vitanda na kupaua, na huko kwenye kupaua ndiko nilikojuana na popo. Ukifumua dari la nyumba yoyote ya zamani hapa pwani, hukosi kukuta vitu vitatu: utando wa buibui, kinyesi cha popo, na misumari iliyosahauliwa na fundi aliyekutangulia.

Zamani mwenye nyumba akiniambia "fundi, niondolee hawa", nilikuwa nachanganya saruji mchana kweupe na kuziba matundu. Wao wamo ndani wamelala. Wanafia humo humo, na wiki moja baadaye naitwa tena kwa ajili ya harufu, mara hii bila malipo. Nimefanya hivyo nyumba nyingi na sijivunii.

Aliyenitoa tongotongo ni binti yangu anayesoma Sokoine, Morogoro. Alikuja likizo akanikuta juu ya ngazi, karai la saruji mkononi, nikitaka kuziba tundu la paa letu wenyewe. Akaniamkia, kisha akaniuliza: "Baba, kila jioni unapiga mbu barazani, halafu mchana unawaua wanaowala?" Nikashuka. Nikamwambia aniletee hesabu, maana mimi ni mtu wa futi kamba, siamini maneno matupu. Akaleta. Hesabu nyingine zilinifurahisha, nyingine zilinipunguza kasi, na zote nitazitaja humu, kwa sababu wapo watakaokwambia ukitundika sanduku moja tu la popo kulala utatupa chandarua. Usitupe chandarua.

Mbu wako ni yupi?

Tunasema "mbu" kana kwamba ni mmoja. Wanaotusumbua hapa ni wa namna tatu, na kila mmoja ana saa zake za kazi.

Yuko mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri. Huyo ndiye wa dengi, ile iliyovuma Dar es Salaam mwaka 2019 na sisi Tanga ikatufikia. Huyu popo hamuwezi, kwa sababu anapouma, popo amelala kichwa chini. Dawa yake ni kupindua vifuu vya nazi, kutoboa matairi mabovu na kumwaga maji ya chini ya vyungu vya maua kila wiki.

Yuko wa malaria, anayekuja usiku umekwenda sana na kukufuata chumbani. Popo hatamfuata kitandani kwako. Hapo ni chandarua na nyavu za madirisha.

Wa tatu ni yule mpiga kelele sikioni, anayezaliwa kwenye mashimo ya vyoo na mitaro michafu, naye yumo miongoni mwa wanaoeneza matende na mabusha huku pwani. Anaanza kutembea magharibi, saa ile ile popo wanapotoka. Hapa ndipo popo anapokufaa: nje, barazani, bustanini, kuanzia jua linapozama. Lakini hata kwa huyu anza na choo. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga kwenye mashimo ya vyoo vile vidonge vyeupe vyepesi vya plastiki vinavyojazwa kwenye maboksi ya redio na televisheni. Vikaelea juu ya maji kama zulia, viluwiluwi vya mbu vikakosa hewa. Mimi nilifunika shimo langu kwa mfuniko wa mbao unaobana na kufunga wavu kwenye bomba la hewa, na huo ulikuwa mchana mmoja tu wa kazi.

Sasa hesabu. Utasikia popo mmoja anakula mbu elfu moja kwa saa. Habari hiyo ilianzia Marekani mwaka 1960, Donald Griffin na wenzake walipowaachia popo wadogo ndani ya chumba chenye mbu tele. Popo akakamata kama mbu 10 kwa dakika. Watu wakazidisha kwa 60, wakapata 600, kisha wakatia chumvi. Lakini bustani si chumba. Nje popo hula anachokutana nacho: nondo, kombamwiko, mende wa miembe, na siku ya kumbikumbi wala hamtazami mbu.

Hesabu iliyonituliza ni ya Michigan, ya mwaka 2009. Huko walijenga vizimba vya wavu, vingine popo wanaingia, vingine hawaingii. Palipokuwa na popo, mayai ya mbu majini yalipungua kwa asilimia 32. Theluthi hivi. Mimi nikiambiwa mteja amenipunguzia theluthi ya bei, naona ni kubwa mno. Basi na kwa mbu nikaona theluthi inatosha kunitoa jasho.

Popo nao hawafanani

Wale wakubwa wenye uso kama wa mbwa, wanaotua kwenye mwembe na kuchafua ukuta kwa makapi ya maembe, ni popo wa matunda. Hawali mbu hata mmoja. Kazi yao ni nyingine na ni kubwa, maana ndio wanaochavusha mibuyu usiku, ila usiwasubiri kwa kazi hii.

Unaowataka ni wadogo. Wa darini kwangu ni wale ambao mkia wao umechomoza nje ya ngozi kama wa panya. Mdogo wao ana uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari. Mabawa yao ni marefu na membamba, wanaruka juu na kwa kasi, na kutoka chini hawainuki vizuri: inawabidi wajiangushe kwanza ndipo washike hewa. Kumbuka jambo hili tutakapofika kwenye urefu wa kutundika.

Kuna mwingine, mdogo zaidi, ambaye nilikaa naye miaka bila kumjua. Huyu hulala ndani ya jani changa la mgomba, lile ambalo bado limejiviringa kama bomba. Uzito wake haufiki kijiko kimoja na nusu cha sukari. Ana vitakia vya ngozi kwenye vidole gumba na nyayo, ndivyo anavyong'ang'ania ule utelezi wa jani. Anaruka chini chini, taratibu, kuzunguka miti na pembezoni mwa nyumba, na chakula chake ni vijidudu laini. Kwa mbu wa barazani, namwamini huyu kuliko wale wa darini. Jani likifunguka, naye anahama, na jani halidumu bomba zaidi ya siku chache. Kwa hiyo mgomba mmoja haumtoshi. Shina likiwa na migomba mitano, sita, yenye umri tofauti, kila wiki kuna chumba kipya. Sanduku lenyewe huyu halihitaji.

Sanduku

Nitaeleza langu la tatu. La kwanza lilikuwa zuri kupita kiasi. Nililipiga msasa mpaka likateleza kama sahani, nikalipaka vanishi ndani na nje, nikaligongomea kwenye mwembe. Miezi saba, hakuna kitu. Binti yangu alipoliona kwenye simu alicheka, akasema nimewajengea popo kabati la vyombo. Popo anataka ubao uliokwaruzika wa kushika kwa kucha, na pua yake haivumilii vanishi. Fundi mzima nilifundishwa kufanya kazi mbovu kwa makusudi.

Nunua plaiwudi ngumu ya nje, unene wa nusu inchi. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatoa masanduku matatu. Usitumie mbao za kupaua zilizochovywa dawa, zile zenye kijani. Sumu hiyo ni ya mchwa, lakini popo ataibusu mchana kutwa. Ukitaka mbao tupu, paini kavu isiyo na dawa inafaa.

Kwanza kata mwisho wa shiti kipande cha inchi 14 na nusu kwa upana wake wote, ukiweke kando, kisha pasua sehemu iliyobaki kwa urefu vipande vitatu, kila kimoja upana kama inchi 16 (msumeno utakula kidogo, si neno). Katika kila kipande kata mgongo wa inchi 32, ubao wa kati wa inchi 23, na uso wa vipande viwili: inchi 19 na nusu, na inchi 6. Kile ulichoweka kando kinakutosha mapaa matatu ya inchi 20 kwa 7.

Kabla ya kuunganisha, chukua msumeno wa mkono ukwaruze mistari ya kulala upande wa ndani wa mgongo, pande zote mbili za ubao wa kati, na ndani ya uso. Mstari kila nusu inchi, kina cha milimita moja, basi. Ukikata ndani zaidi plaiwudi itaanza kuchanika. Wengine hupiga stepla wavu mgumu wa plastiki badala ya kukwaruza. Sawa, ila usitumie wavu wa kuku wala chandarua kikuukuu. Waya unachana mabawa, na chandarua kinanasa vidole.

Sasa panga kama mkate wa kupaka. Chini laza mgongo. Juu yake, pembeni mbili na kwa juu, weka papi, yaani fito za mbao, za unene wa robo tatu inchi. Juu ya papi ubao wa kati, ukiuacha ukianzia inchi tatu kutoka juu ili popo waweze kuvuka kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Halafu papi nyingine za robo tatu inchi. Halafu uso: kile kirefu juu, kile kifupi chini, na kati yake uache mwanya wa nusu inchi wa kupitisha hewa. Mgongo utachomoza inchi sita chini ya uso. Hapo ndipo popo anapotua kabla ya kutambaa kwenda juu, kwa hiyo pakwaruze sana. Chini kabisa hakuna mlango wala sakafu. Ni wazi, kinyesi kinadondoka chenyewe.

Hiyo robo tatu inchi usiipuuze. Nafasi ikizidi inchi moja popo hawajisikii wamebanwa, nao wanapenda kubanwa. Na ukiipanua zaidi utapata wapangaji wengine: sanduku langu la pili lilikuwa na inchi mbili, likaingia nyuki kabla ya Idi, na sikuwa na la kufanya ila kumwita mrina asali.

Gundi ya mbao kila mahali, kisha skrubu, si misumari. Joto la huku linaifanya misumari itoke yenyewe. Ziba mishono ya juu kwa silikoni. Ndani usipake chochote. Nje, kwa sisi wa ukanda wa joto, rangi ya maji nyeupe au ya maziwa, mikono miwili. Ndugu zetu wa Lushoto wao wapake ya kahawia au nyeusi, kwani baridi ya Usambara itawakimbiza popo kwenye sanduku jeupe. Joto wanalolipenda ndani ni kama nyuzi 27 hadi 38. Wale wa mabatini wanastahimili zaidi, lakini ndani ya sanduku dogo lisilo na hewa, jua la Februari linaweza kuwaua.

Pa kulitundika

Si kwenye mti. Mwembe ulinifundisha mambo matatu kwa mpigo: kivuli kinapooza sanduku, majimoto wanapanda na kung'ata kila kilichomo, na paka anakaa kwenye tawi akingoja. Paka akishajua saa ya popo kutoka, hasahau.

Weka ukutani au juu ya nguzo, futi 12 hadi 20 kutoka ardhini, chini yake pawe peupe bila tawi wala waya wa umeme, maana nilishasema hawa wanajiangusha. Miti iwe mbali futi 20 au zaidi. Mimi nilitumia ukuta wa stoo, upande wa pembe ya paa, futi 14. Masanduku mawili: moja linatazama mashariki lipate jua la asubuhi, jingine kusini lipate upepo wa kusi. Wakisikia joto wanahama wenyewe kutoka moja kwenda la pili. Taa ya nje isiwe karibu. Ninayo moja ya ulinzi, nikaihamishia upande wa geti na kuigeuza itazame chini.

Na tafadhali, si juu ya dirisha la chumba cha kulala, si juu ya mfereji wa paa unaopeleka maji ya mvua tangini. Nimeona mtu katundika sanduku zuri kabisa, futi mbili kutoka tangi la maji ya kunywa.

Waambie majirani kabla hujapanda ngazi. Mimi sikufanya hivyo. Bibi wa nyumba ya pili alipoona sanduku lisilo na mlango linaning'inia ukutani, alimuuliza mke wangu kama nimeanza uganga. Neno popobawa likatajwa, lile jitu la kutoka Pemba lililowalaza watu nje ya nyumba zao mwaka 1995. Ilibidi nimwite balozi wa nyumba kumi, nipike chai, niwaonyeshe sanduku la pili likiwa tupu, mkono ndani mkono nje. Wakaondoka wakicheka, ila bibi alichukua andazi la ziada akasema la tahadhari.

Sasa usikae chini ukitazama juu kila jioni. Huko Florida, mwaka 1929, tajiri mmoja aitwaye Richter Perky alijenga mnara mzima wa mbao kwa ajili ya popo, kwenye kisiwa cha Sugarloaf Key, ili wammalizie mbu wageni wake wa uvuvi wapumzike. Husimuliwa kuwa popo walioletwa waliruka usiku wakaenda zao. Mnara ukabaki mtupu miaka 88 mpaka kimbunga Irma kilipouangusha mwaka 2017. Kama fundi, mnara ule nauhurumia. Ulikuwa umepauliwa vizuri. Kosa lake ni kuwaita wageni wasiomjua. Sisi huku hatuhitaji kuwaleta popo kutoka popote. Wako juu ya vichwa vyetu.

Kuwahamisha

Hii ndiyo kazi yenyewe, na haina haraka. Tundika masanduku miezi kadhaa kabla ya kugusa paa, karibu na tundu wanalotokea. Mimi niliyapandisha Aprili, nikaja kugusa paa Agosti.

Katikati hapo kaa uani na mkeka, saa kumi na mbili na nusu jioni, uhesabu wanaotoka. Hesabu siku tatu, uchukue ile kubwa. Kwangu ilikuwa 86. Huku ukihesabu utagundua matundu yote, na mchana utayathibitisha kwa weusi wa mafuta kwenye kingo zake na kinyesi kilichodondoka chini. Tundu la kuingiza ncha ya kidole gumba linawatosha.

Wakati wa kufunga ni muhimu kuliko ufundi. Popo hawa huzaa wakati wa joto na mvua, mtoto mmoja kwa uzazi, na mtoto asiyeruka ukimfungia ndani atafia humo na mama yake atahangaika juu ya bati usiku kucha. Ndiyo maana nachagua Julai na Agosti, kipupwe, pakavu. Hata hivyo siku moja kabla panda darini kimya mchana usikilize. Ukisikia vilio vyembamba visivyokoma, shuka, ngoja wiki nne, urudi.

Ziba matundu yote madogo, ubakize moja au mawili makubwa wanayotumia. Juu ya hayo tundika pazia: wavu laini wa plastiki wenye matundu madogo yasiyonasa kucha, urefu futi mbili. Ufunge juu na pembeni, chini uuache wazi, ulegee kidogo. Jioni popo anatoka tunduni, anateleza ndani ya pazia, anaangukia hewani. Alfajiri anarudi palepale tunduni kama alivyozoea, anakuta wavu, na hajui kwamba mlango sasa uko futi mbili chini. Atazunguka, atachoka, na sanduku liko hapo karibu linanuka mbao. Acha pazia siku saba zisizo na mvua. Usiku wa mwisho hesabu tena. Wakiwa sifuri, ondoa pazia uzibe kwa saruji.

Kwangu usiku wa nne walikuwemo 17 sandukuni. Sasa hivi, kwenye masanduku yote mawili, hawapungui 40. Wengine walikwenda kwingine, na ninajua ni wapi, kwa sababu jirani wa upande wa reli amekuja kuniulizia bei ya dari.

Utajuaje wameingia bila kuchungulia na tochi? Tazama chini. Kinyesi cha popo ukikibonyeza kwa kijiti kinavunjika unga, na ndani kuna vipande vinavyometameta vya mabawa ya wadudu. Cha panya ni kigumu. Cha mjusi kina ncha nyeupe.

Mkono wako uwe mbali

Hapa sitanii. Usimshike popo kwa mkono mtupu, aliye hai wala aliyekufa, na wafundishe watoto hivyo hivyo. Mwaka 2007 mtalii mmoja kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo kambini Tsavo Magharibi, Kenya, akapata ugonjwa ndugu wa kichaa cha mbwa, akafariki kwao. Mkwaruzo tu. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha nenda hospitali siku ile ile useme wazi ni popo, upewe chanjo. Popo akianguka sakafuni, mfunike kwa kopo, pitisha karatasi ngumu chini yake, mpeleke ukutani penye kimo apande mwenyewe, nawe uwe umevaa glavu nene.

Watu wa Kagera wanaujua ugonjwa wa Marburg tangu 2023. Virusi vile makao yake ni popo wa matunda wa mapangoni, si hawa wa darini. Lakini hata hawa wenye mikia wana vya kwao: kirusi cha Bombali, jamaa wa Ebola, kiligunduliwa ndani yao Sierra Leone mwaka 2018, na baadaye Taita, Kenya. Hakuna mtu aliyejulikana kuugua kwa hicho. Binti yangu aliponisomea hayo nilitaka kushusha masanduku usiku ule ule. Akanituliza kwa swali moja tu: "Baba, wakiwa darini juu ya kitanda chako na wakiwa kwenye ukuta wa stoo, wapi ni karibu zaidi?" Sikuwa na jibu.

Kinyesi ni mbolea kali na mimi nakitumia, ila vumbi lake lina ukungu unaoweza kushambulia mapafu. Nalaza gunia chini ya sanduku. Kila wiki mbili naloweka kwanza kwa maji, navaa barakoa, nakizika kwenye rundo la mboji kwa miezi. Kwenye mchicha simwagi kikiwa kibichi.

Bustani inayowabakiza

Acha kupulizia dawa ya wadudu. Ukiwaua wadudu wote popo hana cha kufuata, na wale wanaokufa polepole anawala pamoja na sumu. Mimi viwavi vya sukuma wiki nawaokota kwa mkono na jivu nanyunyiza, tunakula majani yenye matundu mawili matatu, hakuna aliyelalamika ila mkwe wangu.

Panda maua yanayonukia jioni karibu na uzio. Yasmini tunayo, na hata mpapai dume usiukate wote. Nondo wanaufuata usiku, na nondo ndio wali wa popo.

Maji nilikosea vibaya. Popo hunywa akiwa anaruka, anahitaji uso wa maji ulio wazi, urefu wa hatua nne hivi bila magugu juu yake. Nikachimba kidimbwi, nikaweka karatasi la nailoni, nikajaza, nikajipongeza. Wiki ya pili kilikuwa kiwanda cha mbu. Mke wangu alinitazama tu, hakusema neno, na kunyamaza kule kuliniuma. Nikaenda Muheza nikanunua vifaranga vya perege 20. Siku kumi, viluwiluwi vyote vimekwisha. Kama huwezi kuweka samaki, usichimbe.

Na migomba. Yangu iko nyuma ya jiko, inakunywa maji ya kuoshea vyombo, mashina saba sasa. Zamani majani machanga tuliyakata ovyo kufunikia chungu cha wali. Siku hizi mke wangu ndiye askari wake: mtoto akishika panga, utamsikia kutoka jikoni, "Chungulia kwanza ndani ya bomba!" Wiki jana alichungulia yeye mwenyewe, akarudi jikoni mikono mitupu, akafunika wali kwa sinia.